Hodhi la Josephine na Ndoo Yangu

Katika visiwa vidogo vya Karibi, makumbusho hayana saa za kufunguliwa. Yana mwenye ufunguo. Kibao cha mlangoni kitakwambia saa tatu hadi saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, lakini kibao hicho nacho ni sehemu ya maonyesho: kiliandikwa zamani na kimehifadhiwa vizuri. Ukitaka kuingia, usitazame saa. Uliza mwenye ufunguo yuko wapi, kama ana msiba au hana, na kama mashua ya asubuhi imeshafika, maana mara nyingi yeye ndiye anayepokea mizigo.

Aliyenifundisha haya ni tiketi. Waandaaji wa semina iliyonipeleka Trinidad walininunulia tiketi ya bei ya chini kuliko zote, na tiketi za namna hiyo hazikosi sharti. Yangu ilikuwa na sharti la kurudi mwezi mzima baada ya semina kwisha. Mfukoni nilikuwa na posho, begini nilikuwa na suti isiyo na kazi tena, na mbele yangu kulikuwa na mstari wa visiwa unaopinda kwenda kaskazini mpaka karibu na Puerto Rico. Wenye fedha huvitembelea visiwa hivyo kwa meli za kifahari, wakashuka saa nne na kupanda saa kumi. Sisi wa posho tunapanda mashua ya mizigo, tunalala gesti, na mchana tunakwenda makumbusho kwa sababu kiingilio ni kidogo na ndani kuna feni.

Afisa aliyenigongea muhuri Grenada aliigeuza pasipoti ya Tanzania pande zote mbili, akaniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kutazama makumbusho," nikajibu.

Akamwita mwenzake aliyekuwa meza ya pili. "Hebu rudia," akaniambia, "na huyu asikie."

St. George's, mji mkuu, umejengwa kwenye mteremko mkali hata mwishoni mwa karne ya 19 ikabidi kilima kitobolewe ili watu wa bandarini wafike upande wa pili. Handaki hilo linaitwa Sendall na bado linatumika: magari na waenda kwa miguu humo humo, njia moja, na wa miguu anabana tumbo ukutani gari likipita. Mimi nililipita nikiburuta begi la magurudumu. Dereva wa kwanza alinipigia honi kwa upole, wa pili kwa hasira, wa tatu akateremsha kioo, akanipa habari za mchana kwa adabu zote, ndipo akanitukana.

Mwenye gesti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya. "Maji yapo saa ishirini na nne," alisema akinifungulia chumba. "Ila si leo."

Leo hiyo iliendelea mpaka siku niliyoondoka.

Chumba kilikuwa safi. Kilikuwa na kitanda, feni na matangazo. Gesti za bei nafuu za huko zote zina matangazo ukutani, na ukiyasoma kwa makini unawajua wageni waliokutangulia. "Usisafishe samaki kwenye sinki la kunawia uso." Kwa hiyo yupo aliyesafisha. "Taulo si za kufutia pikipiki." Yupo. "Mbuzi haruhusiwi chumbani hata akiwa mdogo." Hilo nililisoma tena, nikainama kuchungulia uvunguni.

Usiku nilipozima taa, feni ikaanza kupiga mluzi. Mluzi mwembamba, wa sauti mbili, unapanda na kukatika, unapanda na kukatika. Nikaizima feni, mluzi ukazidi. Nikachomoa na plagi. Mluzi ukaitikiwa na mwingine kutoka upande wa choo. Saa sita za usiku nikamgongea mama, nikamweleza kwa heshima kwamba beringi ya feni yake imekwisha na huenda ya jirani pia. Akatega sikio, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mwanangu, hao ni vyura."

Vyura wa miti wa visiwa hivi hawamalizi hata kidole gumba kwa urefu, na dume mmoja aliyetulia kwenye jani la mgomba anatosha kumkosesha mtu mzima usingizi. Nikamuuliza mama wanazimwaje.

"Kukipambazuka wananyamaza wenyewe," akasema. "Hapo jogoo anapokea zamu."

Faraja yangu ilikuwa soketi. Wagrenada walitawaliwa na Waingereza kama sisi, na soketi zao ni zile zile za matundu matatu ya pembe nne, volti 230. Hita yangu ndogo ya kuchemshia maji, mzaliwa wa Kariakoo, iliingia bila adapta, na kwa kikombe kimoja cha maji ya ndoo nikapata chai. Ndoo yenyewe ilikuwa ya gesti nzima. Asubuhi wageni tuliipangia foleni na kila mmoja alimhesabia mwenzake makopo. Zamu yangu ilipofika kilikuwa kimebaki kiasi cha kunawa uso, tena uso mdogo. Nikanawa, nikavaa, nikaenda Makumbusho ya Taifa.

Makumbusho hayo yamo katika jengo lililosimama juu ya misingi ya kambi ya askari wa Kifaransa ya mwaka 1704. Baadaye pakawa gereza, kisha hoteli. Mpangilio huo haukunishangaza. Nimeshalala hoteli zilizokuwa vitu vyote vitatu kwa wakati mmoja. Ndani kuna vyungu vya wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya Wazungu, vyombo vya viwanda vya sukari, na katikati ya hayo yote, hodhi la kuogea la marumaru ambalo inasemekana lilikuwa la Josephine, yule binti wa Martinique aliyezaliwa 1763 na baadaye akaolewa na Napoleon Bonaparte.

Nilisimama mbele ya hodhi hilo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu kingine chochote katika safari nzima. Nililitazama kwa urefu, nikalitazama kwa kina, nikakisia lingechukua ndoo ngapi. Mzee aliyekuwa zamu akanisogelea kwa unyenyekevu.

"Wewe ni mtaalamu wa historia ya Ufaransa?"

"Hapana, mzee. Sijaoga."

Akatikisa kichwa kama mtu anayelifahamu tatizo hilo kwa undani. Kwao pia maji hayakuwa yanatoka. Basi tukalitazama pamoja, wanaume wawili wenye vumbi, hodhi moja la marumaru kavu.

Ukipanda juu ya mji unaikuta Fort George, ngome ambamo Waziri Mkuu Maurice Bishop aliuawa pamoja na wenzake tarehe 19 Oktoba 1983. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia kisiwani. Hapo sina mzaha. Waliokuwa vijana siku hizo bado wamo mitaani, na niliyeketi naye kwenye basi alinionyesha kwa kidole alipokuwa amejificha.

Jioni mama alinipa juisi yenye kungumanga iliyokunwa juu, akanieleza kwamba kungumanga lipo hata kwenye bendera yao. Nikamwambia Unguja na Pemba tunalo pia, ingawa kwetu mkubwa ni karafuu. Akanitazama kwa huruma ile anayopewa mtoto anayesema baba yake ana ndege. Kisha akasimulia kimbunga Ivan cha Septemba 2004, jinsi kilivyolaza mikungumanga kwenye milima yote, na jinsi mti huo unavyohitaji miaka kadhaa kabla haujazaa. Nikaona si wakati wa kushindana. Nikasema kungumanga lao ni zuri zaidi. Asubuhi nikaongezewa makopo mawili.

Kutoka hapo nikapanda mashua kwenda Carriacou, kisiwa cha kilomita za mraba 34 kilicho chini ya Grenada. Kimbunga Beryl kilikipiga kisiwa hicho tarehe 1 Julai 2024 na kuacha paa chache sana mahali pake. Ninayosimulia ni ya kabla ya hapo.

Carriacou hakuna mto. Maji ni ya mvua, yanayokingwa kwenye paa na kuhifadhiwa katika matangi ya zege yaliyojengwa chini ya nyumba, na mwenye nyumba anakijua kina cha tangi lake kuliko anavyoijua akaunti yake ya benki. Mwenye gesti wangu wa huko, bibi mwembamba aliyevaa miwani mnyororoni, alikuwa anasikiliza maji. Ukifungua bomba la bafuni, upande wa pili wa ukuta kunakuwa kimya. Ukijipaka sabuni bila kulifunga, unasikia kidole kikigonga ukuta: ko, ko. Niligundua kwamba mtu anaweza kuoga mwili mzima, na kichwa juu, kabla ya ko ya tatu.

Bei tulipatana dola themanini. Dola za nani, hakuna aliyeuliza. Visiwa hivi vinatumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye kiwango kile kile, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na katika pengo hilo ndimo gesti na wageni wake wanamoishi. Mimi nilinyamaza nikitumaini za Karibi, bibi alinyamaza akitumaini za Marekani. Siku ya kuondoka kila mmoja akajifanya ameshangaa. Nikamlilia hali kwa mbinu zote za Kariakoo, naye akanilia kwa mbinu za Carriacou, ambazo ni kuiangalia picha ya marehemu mumewe ukutani bila kusema neno. Tukakutana katikati, nikambebea na mtungi wa gesi mpaka jikoni.

Makumbusho ya Carriacou yalikuwa mjini Hillsborough, katika jengo lililokuwa la kuchambulia pamba. Kulikuwa na picha za Canute Caliste, mchoraji na mpiga fidla aliyezaliwa 1914 na kufariki 2005, ambaye alisema alipokuwa mtoto alikutana na nguva, na tangu hapo hakuacha kuchora: nguva, mashua, harusi, ngoma, kila picha na maelezo yake kwa mwandiko na tahajia yake mwenyewe. Nguva wake wametulia sana. Wana sura ya watu wanaongoja ofisi ifunguliwe.

Pale nilimkuta mzee mmoja aliyeshika fimbo, akaniuliza bila kuzunguka, "Wewe taifa gani?" Nikasema Tanzania. Akasema hapana, taifa. Carriacou wana ngoma inayoitwa Big Drum, na humo kila ukoo unajua asili yake ya Afrika: Cromanti, Igbo, Manding, Temne, Kongo na wengine. Kwanza huimbwa nyimbo za kuwaomba radhi wazee waliotangulia, kisha kila taifa linachezewa ngoma yake. Basi nikasema mimi ni Mdigo wa Tanga. Akakunja uso, akayapitia mataifa yote kwa vidole, akarudia tena kutoka mwanzo. Wadigo hawamo.

Nikamweleza kwamba meli zilizowaleta wazee wake zilipakia Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, na kwamba watu wa pwani yetu, waliobahatika vibaya, walipelekwa zaidi Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniwekea mkono begani, akanipa pole kwa kutokuwemo. Sijawahi kupewa pole ya aina hiyo na sikujua inaitikiwaje, nikasema ahsante.

"Tutakuweka kwa Wakongo," akasema. "Kwa muda."

Sasa nije kwenye kisiwa ambacho sitakitaja. Watu wake ni wachache, wote wanajuana, na nimewaahidi kurudi.

Makumbusho ya kisiwa hicho yalikuwa na karatasi mlangoni: ufunguo uko dukani. Dukani nilimkuta Mzungu mmoja na mkewe wamesimama mbele ya kaunta, wamekunjamana. Walikuwa wameuliza ufunguo tangu walipoingia na muuzaji hajawasikia. Hakuwa kiziwi. Hawakusalimia. Katika visiwa hivi mtu akipanda basi anawasalimia abiria wote, akiingia dukani anasalimia duka zima, na asiyefanya hivyo huyo bado hajafika. Hapa mtu wa Tanga unacheza nyumbani. Nikatoa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za biashara na za mvua. Muuzaji akaacha kupanga sabuni, akanivutia kiti. Mkewe yule Mzungu akamnong'oneza mumewe kwamba bila shaka mimi ni jamaa yao.

Ufunguo haukuwepo dukani. Ulikuwa kwa mzee mtunzaji, na mzee mtunzaji alikuwa kanisani kwenye mazishi.

Mazishini huendi na kaptura. Nikarudi gesti, nikaitoa ile suti ya semina, nikaikung'uta, na kwa mara ya kwanza tangu Trinidad ikapata kazi. Nikaingia kanisani kimya, nikalenga benchi la nyuma. Lakini kijana mmoja wa kuelekeza watu akaiona suti, akaniona sura ngeni, akanishika kiwiko kwa upole na kunipeleka mbele kabisa, kwenye safu ya ndugu waliokuja kutoka nje. Kulia kwangu alikaa shangazi wa kutoka Brooklyn, kushoto binamu wa kutoka London. Shangazi alinipa leso. Niliipokea, na kwa wimbo wa tatu nikaihitaji kweli, maana padri alimsifu marehemu kwa ufundi mkubwa.

Baadaye kukawa na wali, mbaazi na samaki wa kukaanga, na hapo ndipo binamu wa London alipouliza, "Na wewe ni wa upande wa nani?"

"Wa upande wa makumbusho," nikasema.

Kukawa kimya. Kisha meza nzima ikacheka, ikiwa ni pamoja na mjane, na mzee mtunzaji akainua mkono kutoka meza ya pembeni. Akamaliza kula, akajifuta mdomo, akatoa ufunguo mfukoni, ufunguo mdogo mno kwa mlango ule, na tukaenda. Tulipofika akausukuma mlango kwa bega. Ukafunguka.

"Haujafungwa?"

"Ulifungwa zamani. Ufunguo wake ulizama baharini." Akauonyesha ule mdogo. "Huu ni wa kisanduku cha kiingilio."

Nikamuuliza haogopi wezi. Akasema vitu vyote vilivyomo ni vya watu wa pale. Mwizi atakuwa anaiba kwao.

Ndani nikaikuta nusu ya nyumba ya bibi yangu wa Tanga imewekwa nyuma ya kioo. Pasi ya mkaa. Taa ya chemli. Cherehani ya mkono. Kinu na mchi. Vyote vina kadi zenye maelezo, na ile ya pasi ilisema kifaa hicho kilitumika zamani sana. Bibi aliitumia Jumapili iliyotangulia safari yangu. Mzee aliponiona natabasamu akaniuliza kama najua mkaa unawekwaje bila majivu kuangukia nguo. Najua. Akafungua kabati, akanikabidhi pasi. Nikawa namwonyesha jinsi ya kuipunga ili moto ukolee, na jinsi ya kuijaribu kwa tone la mate, ndipo wale Wazungu wawili wa dukani wakaingia. Waliona mtu mweusi aliyevaa suti, ameshika pasi ya mkaa, anaeleza. Wakatoa kamera. Nilieleza mpaka chumba kikaisha, na kwenye kinu nikatwanga. Walipotoka wakaniachia dola kumi. Mzee akazitazama, akafungua kisanduku kwa ufunguo wake mdogo, akanisubiri nizitumbukize.

St. Vincent nitaipita haraka, kwa kuwa huko hakuna kilichoharibika isipokuwa mvua. Nilikwenda kwenye bustani ya mimea ya Kingstown, iliyoanzishwa 1765, ambako wanaonyesha mshelisheli uliochipuka kutoka mmoja wa ile iliyoletwa na nahodha Bligh mwaka 1793. Huyu ndiye Bligh yule yule ambaye mabaharia wake walimwasi ndani ya meli ya Bounty mwaka 1789 na kumteremsha kwenye mashua, naye akarudi kwa meli nyingine kuikamilisha kazi. Mashelisheli yalikusudiwa kuwa chakula cha bei rahisi cha watumwa, na mwanzoni watumwa waliyakataa. Leo shelisheli la kuchoma na samaki ndicho chakula chao cha taifa. Nilikula la gesti. Mpishi akanisimamia kuona kama mgeni ataliweza. Nilipomwambia kwetu tunalipika kwa nazi, aliniachia jiko.

St. Eustatius, ambayo wenyewe wanaiita Statia, ni kisiwa cha Waholanzi cha kilomita za mraba 21. Dola huko ni ya Marekani tangu 2011, hivyo hakuna kuviziana, lakini soketi nazo ni za Kimarekani, volti 110. Adapta nilipata. Adapta inabadilisha umbo la plagi, haibadilishi umeme, na hita iliyotengenezwa kwa volti 230 ukiipa 110 haishuki hadi nusu ya nguvu zake. Inashuka chini ya robo, kwa kuwa volti zikipungua na mkondo wa umeme unapungua pamoja nazo. Hita yangu ya wati 500 ikawa ya wati 115 hivi. Niliitumbukiza kwenye jagi la maji, nikakaa kando yake kwa usalama, nikafungua kijitabu cha historia ya kisiwa, na kunuia kusoma mpaka maji yachemke.

Waholanzi walifika 1636. Maji baridi. Kufikia karne ya 18 Statia ilikuwa bandari huru inayopokea maelfu ya meli kwa mwaka, maghala yamejipanga pwani, na waasi wa Marekani wakawa wananunua hapo bunduki na baruti. Nikatia kidole: baridi. Tarehe 16 Novemba 1776 meli Andrew Doria ikaingia ikipeperusha bendera ya waasi hao, na gavana Johannes de Graaff akaruhusu mizinga ya Fort Oranje iijibu salamu, jambo ambalo Waingereza hawakulisamehe. Uvuguvugu kwa mbali. Februari 1781 Admirali Rodney akakiteka kisiwa, akaiacha bendera ya Uholanzi ikipepea ili meli zisizo na habari ziendelee kuingia mtegoni. Hapo kiputo cha kwanza kikapanda. Nikainuka na majani ya chai mkononi. Kilikuwa kimoja tu. Nikasoma jinsi Rodney, kwa masimulizi ya wenyeji, alivyoona mazishi yamezidi idadi ya wagonjwa, akaamuru jeneza lifunguliwe, likakutwa limejaa mali. Nikasoma kuhamishwa kwa biashara, kuporomoka kwa maghala, umaskini. Tarehe 1 Julai 1863 watumwa wakaachiwa huru, na mimi nikaachana na hita. Nilikunywa kitu cha rangi ya chai.

Makumbusho ya Statia yamo ndani ya nyumba ya Simon Doncker, mfanyabiashara wa karne ya 18, na inasemekana Rodney alilala humo baada ya kukiteka kisiwa. Kuna shanga za buluu zenye pande tano, za kioo, zilizotengenezwa Amsterdam. Wanasimulia kwamba siku ya uhuru watu walizitupa baharini, na mpaka leo bahari ikichafuka hutokea moja moja mchangani. Wenyeji wanasema shanga hizo hazitafutwi, zenyewe ndizo zinazomtafuta mtu. Mimi natoka pwani ambako shanga za ng'ambo zilibadilishwa kwa pembe za ndovu kwa karne nyingi, nikaona nina haki ya upendeleo. Niliinama ufukweni mpaka kiuno kikagoma. Hazikunitafuta. Niliporudi gesti, mbuzi, ambao huko wanazurura kama wenye mji, walikuwa wameshapanda kibarazani. Mmoja alikuwa ameanza kijitabu changu kwenye 1636 na amekwishafika kwa Rodney.

Saba inaonekana kwa macho kutoka Statia: mlima mmoja umesimama baharini. Njia yake ya kurukia ndege ina mita 400 hivi, fupi kuliko zote duniani zinazotumiwa na ndege za abiria za ratiba, na ncha zake zote mbili zinaishia hewani, juu ya bahari. Jirani yangu ndegeni alikuwa mama wa Saba aliyepakata trei ya mayai. Niliamua kuyaangalia mayai badala ya dirisha. Tukashuka, tukagusa, tukasimama kwa kishindo cha breki, na yai halikuvunjika hata moja. Mama akanigeukia akaniambia naweza kuuachia mkono wake sasa.

Zamani kila kitu cha Saba kilipanda kutoka baharini kichwani mwa mtu, kwa ngazi zaidi ya 800 zilizochongwa kwenye jabali. Wahandisi wa Uholanzi walisema barabara haiwezekani. Josephus Lambert Hassell, mtu wa hapo hapo, akasoma uhandisi kwa njia ya posta, na mwaka 1938 wakaanza kuijenga kwa mikono. Gari la kwanza likafika 1947. Nyumba ndogo ya nahodha mmoja wa karne ya 19, kule Windwardside, sasa ni makumbusho ya Harry L. Johnson, na kitanda cha zamani kimo chumbani kimetandikwa. Nilikipima kwa macho na kukilinganisha na changu cha gesti. Cha makumbusho kilikuwa imara zaidi, godoro lake lilikuwa limenyooka, na hakikuwa na tangazo lolote la mbuzi.

Bei nafuu ya Saba ni ile ambayo Tanga ungelala wiki na kuamkiwa na supu. Lakini maji yalitoka, tena ya moto, na hakuna aliyegonga ukuta. Tatizo lilikuwa moja. Barabara ya Hassell inafika karibu kila mahali kisiwani isipokuwa mlangoni mwa gesti niliyochukua. Dereva alinishusha, akanionyesha taa ndogo juu sana, niliyodhani ni nyota, akanitakia usiku mwema.

Kwa hiyo msomaji, ukiweka chumba Saba, mambo ya kifungua kinywa na intaneti utayajua ukifika. Uliza kwanza ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni, na uulize kabla hujalipa. Begi langu lilikuwa la kilo 23, na magurudumu hayapandi ngazi.